Moyo Unaposikika na Mvumo: Maswali na Majibu

Nilimpeleka mwanangu wa miaka 4 zahanati huku Kisauni, Mombasa, kwa sababu ya homa. Daktari alipomwekea stetoskopu kifuani, akaniambia moyo wake una mnung'uniko. Tangu siku hiyo silali. Je, mwanangu ana tundu kwenye moyo?

Pole sana, mama. Neno hilo peke yake halitoshi kuthibitisha kwamba mtoto ana tundu, wala kwamba ana ugonjwa wowote wa moyo, kwa sababu mnung'uniko ni jina la sauti, si jina la maradhi. Moyo ulio mzima hutoa sauti mbili kwa kila pigo. Ya kwanza husikika zinapojifunga vali mbili zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini, na ya pili zinapojifunga vali za mishipa miwili mikubwa inayoitoa damu moyoni. Vali hizo ni milango, na kinachosikika ni kufungwa kwake, ilhali damu yenyewe hupita kimya. Lakini damu ikipita kwa msukosuko, ama kwa kuwa inakwenda mbio kuliko kawaida, ama mlango umebana, ama haufungi sawasawa na damu inarudi ilikotoka, husikika mvumo, ndio huo mnung'uniko, baina ya sauti zile mbili, mfano wa maji ya mpira unapoubana mdomo wake kwa kidole.

Homa huufanya moyo uende mbio, na mtoto asiye na kasoro yoyote anaweza kusikika na mvumo siku ya homa, usisikike tena akipoa. Upungufu wa damu huleta hali hiyo hiyo, na hapa Pwani, ambako malaria, minyoo na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu, huwapunguzia watoto damu, jambo hilo halifai kusahauliwa. Mrudishe akiwa hana homa asikilizwe upya, na uombe apimwe kiwango cha damu.

Daktari hutambuaje mvumo usio na madhara na ule wa hatari?

Huangalia mambo kadhaa kwa pamoja, na la kwanza ni wakati. Mvumo unaosikika kati ya sauti ya kwanza na ya pili, yaani moyo unapojikaza kusukuma damu, unaweza kuwa wa kawaida au wa ugonjwa. Ule unaokuja baada ya sauti ya pili, moyo unapolegea kujaa damu, huhesabiwa kuwa dalili ya kasoro hadi uchunguzi uoneshe vinginevyo. Kisha hutazama mahali unaposikika kwa nguvu na unakoelekea: mvumo wa vali iliyobana ya aota, mshipa mkuu unaoitoa damu moyoni, hupanda hadi shingoni, na ule wa vali inayovuja ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, huelekea kwapani kushoto. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa alale ubavu wa kushoto, au aketi na kuinama mbele huku akiwa ametoa pumzi. Hayo yote ni sehemu ya kipimo, na mtu asione anasumbuliwa bure. Mvumo usio na madhara kwa watoto huwa mfupi na laini, na mara nyingi hupungua mtoto anapoketi au kusimama.

Nguvu ya mvumo hupimwa kwa daraja 1 hadi 6, na kuanzia daraja la 4 mtetemo wake huhisika kwa kiganja kifuani. Hata hivyo, ukubwa wa sauti si ukubwa wa tatizo. Tundu dogo kati ya vyumba vya chini linaweza kuvuma kwa kishindo, na lililo kubwa likawa karibu kimya.

Je, kuna sauti nyingine zisizo za kawaida?

Zipo. Sauti ya tatu, inayoufanya moyo usikike kama farasi anayekwenda shoti, ni ya kawaida kwa watoto na vijana, lakini kwa mtu mzima anayetweta na kuvimba miguu huashiria moyo ulioshindwa na kazi.

Mvumo wa ugonjwa husababishwa na nini?

Wengine huzaliwa na kasoro, na wazee vali zao hukakamaa kwa umri. Lakini sababu inayonihuzunisha zaidi, kwa kuwa inazuilika, ni homa ya rumatiki. Mtoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, hupata maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria aina ya streptokoka. Koo hupoa lenyewe, nyumbani wakasahau, na baada ya wiki 2 au 3 kinga ya mwili iliyoamshwa na bakteria wale huanza kuushambulia mwili wenyewe: homa inarudi, magoti na vifundo vinavimba kwa zamu, leo hiki kesho kile. Maumivu ya viungo huisha, bali kovu kwenye vali hubaki, na huongezeka kila shambulio linaporudi.

Si kila koo linaloumwa lina bakteria hao. Likiambatana na mafua na kikohozi, mara nyingi ni virusi. Koo linalouma pamoja na homa na tezi za shingo zilizovimba bila kikohozi lipelekwe kwa daktari mapema, kwani penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 huzuia homa ya rumatiki. Aliyekwisha kuipata huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Nawasihi wazazi msiikatishe kwa kuwa mtoto anaonekana mzima. Sindano ile hutolewa ili abaki hivyo.

Nina mimba, na kliniki wamesikia mvumo. Niogope?

Mimba huongeza damu mwilini, na mvumo laini ni jambo la kawaida. Lakini ukishindwa kupumua ukilala chali, ukikohoa usiku, au ukiwa uliwahi kuugua homa ya rumatiki, usingoje tarehe ya kliniki, kwa sababu vali ya mitrali iliyobana hujidhihirisha mara nyingi wakati wa ujauzito.

Ni dalili gani zinataka haraka?

Kwa mtoto mchanga ni midomo na ulimi kuwa wa buluu, kutoka jasho na kuchoka anaponyonya, na kutoongezeka uzito. Kwa mkubwa ni kuzirai au kifua kuuma anapojitahidi, kutweta na kuvimba miguu. Kipimo kinachomaliza ubishi ni eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na haina maumivu wala mionzi. Zahanati isiyo nayo huandika rufaa. Hospitali kubwa ya umma ya rufaa hapa Pwani ni Coast General, kisiwani Mombasa.

Je, wakati tunangoja, mwanangu aache kucheza mpira?

Ikiwa anakula vizuri, anakua, na anakimbia sawa na wenzake bila kutweta wala kubadilika rangi, mwache acheze. Na uchunguzi ukionesha mvumo wake hauna madhara, hatahitaji dawa wala kukatazwa kuogelea. Waombe tu waliandike hilo kwenye kitabu chake cha kliniki, ili daktari mwingine atakayeusikia mvumo huo ajue kwamba ulikwisha kuchunguzwa.