Je, wajua kwa nini muuaji wa riwaya hupita mbele yako usimwone?

Basi lilipopita Mikindani nilikuwa nimeshaikuta maiti. Mnazi Mmoja, pale barabara ya Lindi inapokutana na ya Masasi, nilikuwa na washukiwa watano. Tulipofika Mtama, wachuuzi wakiinua sahani za korosho madirishani, nikawa nimeshamchagua mmoja: ni huyu shemeji mtu, hana pa kukimbilia. Riwaya yenyewe ilikuwa mpya, imetoka wiki ileile, nimeinunua kwenye simu usiku nikiwa Mtwara ili niisome njia nzima hadi Masasi. Ndanda ikanikuta nimeduwaa. Shemeji hakuwa na hatia. Muuaji alikuwa mtu niliyekutana naye tangu ukurasa wa 18, nikampita kama unavyompita jirani sokoni asubuhi.

Nikafanya wanachofanya wasomaji wote wa riwaya za upelelezi: nikarudi nyuma kukagua. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikudanganywa popote. Sura ya pili ilikuwa imeniambia kila kitu, tena kwa maneno mepesi. Sasa inawezekanaje mwandishi akuonyeshe muuaji, akuonyeshe na kosa alilolifanya, nawe usione?

Kabla sijajibu, soma kisa hiki nilichokitunga kwa ajili ya swali hili. Kisome mara moja tu, kwa mwendo wako wa kawaida.

Ni msimu wa korosho, kijijini nje kidogo ya Newala. Alfajiri, karani wa mizani wa chama cha msingi anakutwa amekufa ndani ya ghala. Mezani kwake pana daftari la mizani lililo wazi, kalamu, shazia iliyotungwa uzi mweupe, tochi iliyokwisha betri, na miwani yake iliyopasuka kioo kimoja. Mlango wa nyuma, ambao haufunguliwi kamwe, umeachwa wazi. Dereva wa lori aligombana na marehemu jana yake mbele ya watu, akamwambia atamwona. Katibu wa chama hakulala nyumbani kwake. Mlinzi ananuka pombe na hawezi kueleza alikuwa wapi saa nane usiku. Askari wanahesabu magunia: 240, yote yameshonwa midomo kwa uzi wa katani, hakuna lililopungua. Nje, mama muuza uji anasogeza kando kiroba chake cha unga kilichoshonwa nusu, anawamiminia askari uji wa moto, nao wanakunywa huku wakimbana mlinzi.

Umeshapata mtu wako? Mshike huyohuyo, tutarudi kwake.

Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kwenda mbali kuelewa mchezo huu. Tumekuzwa nao. Mtu anasema "Kitendawili!", nasi tunaitikia "Tega!" Nyumba yangu haina mlango. Kila kitu umeshapewa hapo: nyumba, na kukosekana kwa mlango. Ukishindwa, mtegaji anakuambia "Nipe mji," unampa Lindi au Kilwa, naye anakufungulia: yai. Uzuri wa kitendawili ni kwamba jibu likitoka, unajipiga kipaji cha uso. Jibu lingekuwa kitu ambacho hakimo katika maneno ya mtegaji, ungemdai mji wako urudi.

Sharti hilohilo ndilo lililoijenga riwaya ya upelelezi. Wengi huihesabu ilianza mwaka 1841, Mmarekani Edgar Allan Poe alipochapisha hadithi ya Dupin, bwana wa Paris anayefumbua mauaji kwa kufikiri tu. Mwaka 1887 Arthur Conan Doyle akamleta Sherlock Holmes. Lakini masharti yaliandikwa waziwazi mwaka 1929 na Ronald Knox, padri wa Kiingereza aliyekuwa pia mtunzi wa riwaya hizi. Aliweka sheria kumi. Mhalifu awe ametajwa mapema katika hadithi. Mizimu na nguvu za ajabu zisitumike kufumbua. Mpelelezi asiwe yeye ndiye mhalifu. Kila dalili anayoiona mpelelezi, msomaji naye aonyeshwe. Mwaka uliofuata, watunzi wa London waliunda chama chao, Detection Club, na wanachama wakawa wanaapa kuyaheshimu masharti ya namna hiyo.

Sheria ninayoipenda zaidi ni ile ya rafiki wa mpelelezi: akili yake iwe chini kidogo, kidogo sana, ya akili ya msomaji wa kawaida. Huyo ndiye Watson wa Holmes. Kwetu ni Najum wa Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtambulisha Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960. Watu wanataja mzimu, Bwana Msa anatafuta binadamu. Najum yupo ili ashangae badala yetu, na anaposhangaa mahali fulani, macho yetu yanakwenda hapo pamoja naye. Hapo ndipo ujanja unapoanza, maana jambo lenyewe huwa liko upande wa pili.

Mwaka 1999, wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris, wakiwa Harvard, waliwaonyesha watu video fupi ya wachezaji wanaopasiana mpira, wakawaomba wahesabu pasi za timu moja. Katikati ya mchezo, mtu aliyevaa vazi la gorila anaingia, anasimama, anajipiga kifua, anatoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yao hayakuwa na tatizo, ila yalikuwa yameajiriwa kazi nyingine. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi anaijua siri hii tangu zamani: anakupa kazi ya kuhesabu pasi. Mlango ulioachwa wazi, ugomvi wa dereva, pombe ya mlinzi, zote ni pasi za mpira. Huko ndiko kumpoteza msomaji maboya, na fundi mzuri huyapanga maboya yake mara tu baada ya kudondosha dalili ya kweli, kabla hujapata muda wa kuitafuna.

Njia nyingine ni orodha. Msomee mtu majina matano ya vitu, kisha mzungumzishe mambo mengine, halafu muulize. Vya mwanzo atavikumbuka, cha mwisho pia huenda akakikumbuka, lakini vya katikati huponyoka kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo kitu chenye uzito hakiwekwi mwisho wa sentensi, ambako kingelia kama kengele. Kinawekwa tumboni mwa orodha, na mwisho wa orodha kinawekwa kitu chenye kelele, kwa mfano miwani iliyopasuka.

Halafu kuna watu tusiowaona hata wakiwa mbele yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, G. K. Chesterton alitunga hadithi fupi ambamo walinzi wanaapa kwamba hakuna mtu aliyeingia katika nyumba waliyokuwa wakiilinda. Hawasemi uongo. Aliyeingia alikuwa mleta barua, na kwao mleta barua hakuhesabika kuwa "mtu". Nadhani hii ndiyo njia kali kuliko zote, kwa sababu inamshika msomaji kwenye dharau yake mwenyewe. Jiulize leo Mtwara mjini ni wangapi waliopita ofisini kwako: aliyeleta chai, kijana wa bodaboda aliyeshusha mzigo, dada anayepiga deki, mlinzi aliyekufungulia geti. Ukiulizwa na polisi nani alikuja, utamtaja mgeni mwenye suti.

Watu wa uwanda wa Makonde wana sanaa inayonisaidia kulifikiria jambo hili. Katika ngoma ya mapiko, mchezaji huvaa kinyago usoni na nguo mwili mzima, ngozi isionekane, na wasiopitia jando hawaambiwi ni nani aliyemo ndani. Hakufichwa porini wala chumbani. Amewekwa katikati ya uwanja, ngoma zinampigia yeye, kijiji kizima kinamtazama. Mwandishi hodari anafanya vivyo hivyo na muuaji wake: anamtoa hadharani akiwa na sura ya mtu mwingine, mara nyingi sura ya mtu mwema, mwenye huduma, asiye na muda wa kuua.

Hapa niseme kwa haraka kwamba si kila kitabu chenye maiti kinacheza mchezo huu. Riwaya za kusisimua hufanya kinyume. Mwongoza filamu Alfred Hitchcock alilieleza hilo kwa mfano wa bomu chini ya meza: likilipuka ghafla, mtazamaji hushtuka sekunde 15, akijua tangu mwanzo kwamba lipo na saa inakwenda, atakaa roho juu dakika 15. Katika Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974, tunamfuata Willy Gamba tukihofia maisha yake, na hofu hiyo ndiyo inayofungua kurasa. Kule swali ni "nani?", huku swali ni "atatokaje?" Vitabu vipya vingi vinachanganya yote mawili, ndiyo maana ni vigumu kuviacha.

Riwaya za siku hizi zina shida ambayo Poe hakuijua. Mwaka 1984 Alec Jeffreys wa Leicester, Uingereza, aligundua namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba, na baada ya miaka michache tu ugunduzi huo ukawa unatumika katika kesi za mauaji. Ongeza kamera za barabarani. Ongeza simu: ujumbe wa muamala unaonyesha dakika uliyolipa nauli, na mnara unajua ulikuwa Nyangao au Nanganga. Muuaji wa 2020 na kuendelea hana chumba cha kujifungia. Basi watunzi wengi wamehamisha maficho, wameyatoa kwenye chumba na kuyaweka ndani ya sauti inayosimulia. Anayekusimulia amesahau jambo, au amelewa, au anajipenda mno kiasi cha kutoona alichokifanya. Mbegu ya jambo hili ni ya zamani kidogo. Mwaka 1926 Agatha Christie alitoa riwaya ambayo baadhi ya wasomaji waliilalamikia kwamba amewachezea rafu. Sitaeleza rafu gani. Nimewahi kuirudia nikiwa na penseli mkononi, na kila sentensi ndani yake ni ya kweli.

Ndiyo maana pia kitabu kipya hulindwa. Marekani, wachapishaji wakubwa kwa kawaida hutoa vitabu vyao Jumanne, na Uingereza Alhamisi. Wahakiki huwa wameshapewa nakala wiki au miezi kabla, kwa makubaliano ya kutosema mapema. Jalada la nyuma hukomea pale maiti inapokutwa, au mbele kidogo. Sisi wa kusini tunaosubiri nakala ya karatasi ije na basi kutoka Dar es Salaam huwa hatarini zaidi, maana kuna mtu ameshaimaliza kwenye simu na mdomo unamwasha. Utafiti wa Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa chuo kikuu cha California, San Diego, wa mwaka 2011, ulitumia hadithi fupi 12, zikiwemo za upelelezi, ukakuta kwamba waliotajiwa mwisho mapema walizifurahia kidogo zaidi kuliko wasiotajiwa. Naamini matokeo hayo, na hata mimi riwaya nzuri huisoma mara mbili. Lakini mara ya pili nasoma ufundi, na mara ya kwanza nasoma kwa moyo unaodunda. Anayekutajia muuaji amekunyima hiyo ya kwanza, na haipatikani tena kwa kitabu hicho.

Haya, turudi Newala. Ulimshika nani? Ukiwa umemshika dereva, ulihesabu pasi. Ukiwa umemshika katibu au mlinzi, hali kadhalika. Tazama meza tena, katikati kabisa ya orodha: shazia, ile sindano kubwa ya magunia, ina uzi mweupe. Magunia yote 240 ya ghala lile yameshonwa kwa katani. Basi shazia hii si ya ghalani, mtu aliingia nayo usiku na akatoka bila kuichukua. Nje, alfajiri hiyo, kuna kiroba cha unga kilichoshonwa nusu. Mwenye nacho alikuwa na sindano jana jioni, na leo hana ya kumalizia. Askari hawakumuuliza kitu. Walimshukuru kwa uji.