Utimamu kazini: kwa nini mtambo wa nyuklia humpima mfanyakazi pumzi na mkojo

Alfajiri ya mwezi Juni, stendi ya mabasi Mbeya, baridi inauma masikio. Askari wa usalama barabarani anapanda basi la Dar es Salaam na kipima ulevi mkononi. Dereva anavua glavu ya kulia, anakishika kimrija cha plastiki kwa vidole viwili, anapuliza mpaka mashine inalia. Namba inatokea: 0.00. Mama aliyekaa nyuma ya dereva, mtoto mgongoni, anasema kwa sauti ya chini, "Afadhali." Kila mtu ndani ya basi lile anajua kwamba mbele kuna mteremko mkali wa Kitonga.

Wiki hiyohiyo mwanafunzi wangu mmoja, kijana anayesomea umeme hapa Mbeya, alinifuata baada ya kipindi. "Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba kwenye mitambo ya nyuklia hata mhandisi mkuu anapimwa mkojo. Sasa hao wafanyakazi wanadharauliwa au wanaogopwa?" Nililipenda swali lake kwa sababu lilikuwa na uchungu ndani. Jibu langu ni kwamba hawadharauliwi wala hawaogopwi. Kinachopimwa pale kina jina, nami naliita utimamu kazini.

Utimamu kazini ni hali ya mfanyakazi kuwa na mwili na akili vinavyoiweza kazi aliyokabidhiwa, bila hatari kwake na kwa wengine, katika saa ile anayoifanya. Uzito wote wa dhana hii umekaa kwenye hayo maneno ya "saa ile". Ujuzi ni jambo lingine. Mtu akisomea kuendesha mtambo, ujuzi wake haupotei usiku mmoja, na cheti chake kinabaki ukutani. Utimamu unaweza kuondoka kati ya chakula cha jioni na chai ya asubuhi. Pombe huuondoa, bangi huuondoa, hata dawa halali ya hospitali huweza kuuondoa, na kukesha vilevile. Fundi hodari aliyelewa ni mtu asiye timamu, na uhodari wake wa jana haumsaidii kitu.

Tanzania hatuna mtambo wa nyuklia wa umeme. Afrika nzima mtambo unaofua umeme ni mmoja, Koeberg, karibu na Cape Town, ulioanza kazi mwaka 1984. Misri wanajenga wa kwao El Dabaa. Lakini huku Nyanda za Juu Kusini neno nyuklia limeshaingia mazungumzoni kwa sababu ya urani, madini ya fueli ya nyuklia, ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, na vijana wanauliza. Katika maelezo haya nitatumia kanuni za Marekani, kwa kuwa zimeandikwa kwa kina na ziko wazi kwa yeyote kuzisoma. Tume yao ya kusimamia nyuklia ilizitoa mwaka 1989, zikaanza kutumika Januari 1990, na mwaka 2008 zikaandikwa upya kwa upana zaidi.

Kwanza tuelewane kwa nini mtambo huu unadai kuliko kiwanda cha kawaida. Lori likiharibika pale Mlima Nyoka, dereva analiegesha, utingo anaweka jiwe nyuma ya tairi, injini inapoa yenyewe. Kinu cha nyuklia hakiegeshwi hivyo. Ukikizima, mpasuko wa atomi husimama mara moja, lakini mabaki yaliyomo ndani ya fueli yanaendelea kutoa joto. Mtambo wa megawati 1,000 za umeme huzalisha joto la megawati kama 3,000, na mara tu baada ya kuzimwa joto linalobaki ni kama asilimia 6 au 7 ya hiyo, yaani karibu megawati 200. Bwawa letu la Kihansi, mashine zake zote zikizunguka, linatoa megawati 180. Kwa hiyo hata mtambo "uliozimwa" una joto linaloshindana na Kihansi nzima, nalo lazima lipozwe kwa maji saa baada ya saa. Joto hilo hupungua haraka, lakini siku za mwanzo hakuna kuligeuzia mgongo. Anayesoma geji, anayefungua vali, anayeamua pampu ipi iwashwe, wote wanatakiwa wawe na akili zao zote.

Sasa tuje kwenye pombe, maana hapa ndipo watu wengi hujidanganya.

Kipimo cha pumzi hukadiria alkoholi iliyomo kwenye damu. Chini ya kanuni hizo za Marekani, mfanyakazi akikutwa na gramu 0.04 katika mililita 100 za damu, au zaidi, ameshindwa. Akiwa ameshakaa kazini saa moja, kikomo kinashuka hadi 0.03; akifikisha saa mbili au zaidi, ni 0.02. Kijana wangu aliliona hilo kama uonevu. Lakini fikiri kidogo: mwili unaichoma pombe muda wote. Aliyekutwa na 0.02 baada ya saa mbili za kazi aliingia getini akiwa na zaidi ya hapo, na saa hizo mbili alikuwa ameshika mitambo. Kanuni inahesabu kurudi nyuma.

Tena inakataza kunywa ndani ya saa 5 kabla ya zamu. Wapo wanaosikia hivyo wakadhani wamepewa ruhusa ya kunywa mpaka saa ya sita. Mwili wa mtu wa kawaida huondoa takriban 0.015 kwa saa. Mtu aliyeiacha meza saa 6 usiku akiwa na 0.13, saa 12 asubuhi bado ana kama 0.04. Amelala, ameoga, amekunywa chai, anajiona mzima kabisa, na kipimo kinamkataa. Supu haiharakishi kitu. Maji ya baridi hayaharakishi kitu. Na yule anayezimua asubuhi ndiyo kabisa, anaongeza juu ya ile ya jana.

Kwetu kuna ugumu wa ziada. Bia ina lebo inayotaja kiwango chake. Ulanzi, pombe ya mianzi, hauna. Anayeufahamu ulanzi wa Iringa na Njombe anajua kwamba uliogemwa asubuhi, ungali togwa, ni mtamu kama juisi na mtoto anaonja. Uache kwenye mbeta mpaka kesho yake, ukishakuwa mkangafu, unaangusha watu wazima. Komoni na kimpumu za huku Mbeya nazo hutofautiana jiko kwa jiko. Mtu anaposema "nilikunywa lita moja tu" anakuwa hajasema chochote, na mara nyingi hadanganyi, hajui. Ndiyo maana naipenda mashine ya kupuliza: haimuulizi mtu amekunywa nini wala kiasi gani.

Na mashine nayo haiaminiwi kwa kupuliza mara moja. Kama mtu ametoka kuweka kitu mdomoni, husubiri dakika 15 kwanza, maana dawa ya kusukutua tu inaweza kuacha alkoholi kinywani. Namba ikifika 0.02, anapimwa tena kwa uhakiki ndani ya nusu saa.

Mkojo ni habari nyingine. Humo hutafutwa bangi, kokeini, jamii ya afyuni kama heroini na mofini, amfetamini na nyinginezo. Chumba chenyewe kimeandaliwa: maji ya kwenye choo yametiwa rangi ya buluu ili mtu asiyachote, bomba la kunawia halipo ndani, mkoba na koti vimebaki nje. Mtu anatoka na kikombe, na mpokeaji anaangalia kipimajoto kilichobandikwa ubavuni kabla dakika 4 hazijapita. Joto linatakiwa liwe kati ya nyuzi 32 na 38 hivi. Mkojo wa jirani uliofichwa kwenye chupa mfukoni, asubuhi ya baridi kama za hapa Uyole, hauwezi kufika hapo. Kisha, pale utaratibu wa chupa mbili unapotumika, mbele ya macho ya mwenyewe sampuli inagawanywa katika chupa hizo, zinafungwa kwa lakiri, naye anaweka herufi za jina lake. Zishike akilini hizo chupa mbili, nitazirudia.

Hapa lazima niseme jambo linalochanganywa hata na maofisa. Pumzi inaeleza ya sasa. Mkojo unaeleza ya nyuma. Masalia ya bangi hukaa mwilini siku kadhaa, na kwa mvutaji wa kila siku hukaa majuma. Mkojo ukionyesha bangi, haujathibitisha kwamba mtu amelewa saa hii. Umethibitisha kwamba aliitumia. Mitambo ya nyuklia inamzuia hata hivyo, kwa hoja kwamba mtu anayetumia dawa haramu hawezi kuaminiwa kwenye eneo kama lile. Hoja hiyo naikubali kwa mtambo wa nyuklia. Kwa muuza duka sina hakika kama ningeikubali.

Upimaji hufanyika kabla mtu hajapewa kibali cha kuingia, baada ya ajali, akionyesha dalili, na baada ya kurudishwa kazini kama aliwahi kushindwa. Kuna na ule wa kushtukiza, na huo ndio moyo wa mpango wote. Kompyuta inapiga kura. Kwa mwaka, vipimo vya kura hufanywa kwa idadi isiyopungua nusu ya wafanyakazi wote, hata usiku, hata sikukuu. Aliyepimwa jana anarudi kwenye kura leo na nafasi ileile kama wenzake. Meneja yumo, na hata wanaosimamia upimaji wenyewe wamo. Kwa hiyo nilimwambia yule kijana: kinapopimwa kila cheo, hakuna wa kudharauliwa.

Lakini mashine haiwezi kuwa kila mahali, kwa hiyo kila mfanyakazi hufundishwa kumwangalia mwenzake, na anawajibika kusema. Hapa ndipo nadhani sisi tungepata shida kubwa. Kwetu anayesema anaitwa mchomaji. Utingo anamwona dereva wake anayumba, anampa maji na karanga, anamwambia "kaza, kaka, tutafika", na moyoni anaona amefanya undugu. Halafu lori la shehena linaanza kuteremka kuelekea Mbalizi. Wakazi wa Mbeya hatuhitaji kuelezwa mteremko ule umetuzikisha watu wangapi. Kumfichia mtu ulevi kazini ni kumwacha peke yake na lile gari. Mitambo ile imelitambua hilo, na ndiyo maana mfanyakazi huweza kwenda mwenyewe kuomba msaada wa ushauri na matibabu, kwa siri, kabla hajakamatwa.

Usingizi nao umo ndani ya dhana hii, ingawa wengi huusahau. Machi 1987, mtambo wa Peach Bottom huko Pennsylvania uliamriwa ufungwe baada ya kubainika kwamba waendeshaji walikuwa wakilala kwenye chumba cha udhibiti wakiwa zamu. Hakuna tone la pombe lililohitajika. Kanuni za 2008 zikaweka kikomo kwa wale wenye kazi nyeti: kwa kawaida si zaidi ya saa 16 ndani ya saa 24, wala saa 26 ndani ya saa 48, wala saa 72 ndani ya siku 7. Nawafikiria walinzi wetu wanaokesha usiku na mchana wanabeba zege, na tunawasifu kwamba wanajituma.

Adhabu ziko wazi. Anayeshindwa mara ya kwanza anaondolewa kwa siku zisizopungua 14 na harudi bila tathmini. Mara ya pili ni miaka 5 nje. Anayekataa kupimwa, au anayechezea sampuli, anafungiwa nje ya mitambo hiyo maisha yake yote.

Na kabla adhabu haijamfikia mtu, kuna ngazi ambazo ningependa kila mwajiri wa huku azijue. Kipimo cha kwanza hutambua jamii ya dawa tu, na huweza kukosea. Kikionyesha kitu, sampuli hupelekwa kwenye mashine kubwa ya maabara inayotenganisha kemikali moja moja na kuitaja kila moja. Matokeo hayaendi kwa bosi. Yanaenda kwa daktari mhakiki, naye anampigia mfanyakazi na kumuuliza: umeugua? Umeandikiwa dawa gani? Kukiwa na cheti halali cha hospitali kinachoeleza kilichoonekana, hilo si kosa tena. Asiporidhika, mfanyakazi ana siku 3 za kazi za kuomba ile chupa ya pili ifunguliwe katika maabara nyingine.

Miaka kadhaa iliyopita mtoto wa jirani yangu alikuwa akiendesha mashine kwenye kiwanda kimoja mkoani kwetu. Alikuwa na kikohozi, hospitali wakampa dawa ya maji yenye kodeini, ambayo ni ya jamii ya afyuni. Asubuhi wafanyakazi wakapimwa mkojo getini kwa kijiti cha kuchovya. Kwenye vijiti vile mstari ukitokea ndiyo usalama, na wake haukutokea. Saa 4 alikuwa ameshakabidhi vifaa vya kazi. Jioni mama yake akaja kwangu na karatasi ya hospitali imekunjwa mara nne. "Mwalimu, hebu nisomee. Hii si ya kikohozi?"

Ilikuwa ya kikohozi. Tarehe ilikuwepo, sahihi ya daktari na muhuri pia. Kesho yake nikaongozana na kijana mpaka pale, nikaomba sampuli yake ipelekwe maabara. Yule ofisa wa getini alituangalia kwa mshangao wa kweli, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa jambo hilo. Kikombe kilikuwa kimoja, akasema, na walikwisha kukimwaga.