Je, wajua? Kwa nini mama wa Kichina ana farasi ubavuni

Tazama herufi hii: 妈. Inasomwa mā, na maana yake ni ile ile tunayoijua sisi: mama. Kushoto yupo mwanamke, 女. Kulia yupo farasi, 马. Mwanamke na farasi, jumla yake mama.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na jibu tayari kwa kila aliyeniuliza farasi huyo anafanya nini hapo. Mama, nilieleza, ndiye anayebeba mzigo wa nyumba nzima. Wachina wa kale waliliona hilo, wakalichora. Nililisimulia kwenye shughuli moja ya ukoo na akina mama wakapiga vigelegele. Maelezo matamu, na ya uongo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Farasi yumo kwa sababu kwa Kichina farasi anaitwa mǎ. Basi. Hajabeba kitu. Kama jina hilo angekuwa nalo punda, au sufuria, tungeikuta sufuria pale kando ya mwanamke.

Najifariji kwamba kosa langu lina ukoo mrefu. Wasomi wa Ulaya wa karne ya 17 na 18 walivutiwa mno na dhana kwamba Wachina wamebuni maandishi yasiyopita mdomoni: jicho linaona picha, akili inapokea wazo, sauti haina kazi. Mwaka 1838 Peter Du Ponceau, mwanasheria mzaliwa wa Ufaransa aliyeishi Philadelphia, alichapisha kitabu kizima kuipinga dhana hiyo. Alisema maandishi ya Kichina yanaandika lugha, maneno yenye sauti, kama maandishi mengine yote. Imekaribia karne mbili sasa, na ile dhana ya kwanza bado ni nzima wa afya.

Afya yake inaonekana zaidi kwenye semina za kuhamasishana. Umeshaisikia: "Wachina neno lao la janga wanaliandika kwa herufi mbili, moja hatari, nyingine fursa." John F. Kennedy aliisema kwenye hotuba mwaka 1959, kabla hajawa rais wa Marekani, na tangu hapo haijapumzika. Neno lenyewe ni 危机, wēijī. Herufi ya kwanza kweli ni hatari. Ya pili, 机, haina maana ya fursa ikisimama hapo. Inaelekea zaidi kwenye "wakati mambo yanapogeuka". Ndiyo, ipo ndani ya 机会, jīhuì, ambalo ndilo neno la fursa. Lakini ipo pia ndani ya 飞机, ndege ya abiria, na 手机, simu ya mkononi, ambako maana yake ni mashine. Kuichomoa fursa kutoka kwenye janga ni sawa na mgeni anayesikia "mwanasheria" na "mwanamaji", akahitimisha kwamba kwa Waswahili sheria na maji huzaa. Na ukiipasua 机 yenyewe utakuta mti upande mmoja na kimeza kidogo, 几, upande wa pili. Kimeza kinasomwa jī. Unaanza kuuona mchezo.

Kinachotudanganya sisi wanaoanza ni somo la kwanza. Somo la kwanza ni picha tupu: jua 日, mwezi 月, mlima 山, mti 木. Miti miwili ni kichaka, 林. Mitatu ni msitu, 森. Hizo ni picha za kweli, na ni za kale mno. Maandishi ya Kichina ya mwanzo tuliyonayo yalichongwa kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe kwa ajili ya ramli, kama miaka 3,200 iliyopita, huko Anyang, kaskazini mwa China. Mwanafunzi anaondoka darasani akiamini kwamba herufi zote zilizobaki ni picha ngumu zaidi. Kumbe picha zilikwisha mapema. Xu Shen, aliyekusanya kamusi yake mnamo mwaka 100 BK, alizipanga herufi 9,353 na kueleza njia sita za kuzielewa; picha ni njia mojawapo tu, na haina herufi nyingi. Zilizo nyingi kupita zote ni za aina ya mama na farasi: upande mmoja unadokeza maana, upande mwingine unadokeza sauti. Kwa hesabu inayorudiwa sana ni zaidi ya asilimia 80, ingawa jibu linategemea nani anahesabu, na anahesabu kamusi ipi.

Hebu tuufungue mtambo huu polepole, kwa vitu vya nyumbani.

Tuseme Waswahili wa Lamu hawakupata herufi za Kiarabu wala za Kilatini, wakaamua kubuni maandishi yao wenyewe. Mtu wa kwanza anachora kaa, yule mnyama wa ufukweni mwenye magando. Kazi nyepesi, kila mtu anamtambua. Kesho yake anataka kuandika "kaa", kwa maana ya keti. Atachora nini? Mtu kwenye kigoda? Huyo anaweza kuwa mzee, fundi, au hakimu. Badala ya kuhangaika anachora kaa yule yule wa magando, akijua msomaji atatamka "kaa" na kuelewa. Kisha linakuja kaa la moto. Kaa tena. Kisha kaakaa, ile dari ya mdomo. Kaa wawili, au mmoja tu kama mwandishi ni mvivu.

Baada ya muda mambo yanavurugika. Mtu anapokea barua iliyoandikwa "lete kaa" na hajui alete kitoweo au alete moto. Kwa hiyo waandishi wanaanza kuongeza kialama ubavuni. Kaa mwenye ndimi za moto: hilo la jikoni. Kaa mwenye kigoda: keti. Kaa mwenye mdomo: kaakaa. Kila herufi sasa ina nusu mbili. Moja inasema "tamka hivi", nyingine inasema "habari yenyewe ni ya upande huu".

Sasa apite msomi kutoka mbali, miaka 1,000 baadaye, asiyejua kutamka neno hata moja la Kiswahili. Anaona mdomo na kaa, anaandika kwamba wazee wa pwani walifananisha dari ya mdomo na gamba la kaa. Anaona kigoda na kaa, anagundua falsafa nzito: mwenye hekima huketi, hakimbilii kwenda mbele, huenda kando kando. Watu wa nchi yake watampigia makofi. Huyo msomi ndiye mimi na farasi wangu.

Kama mfano wa kaa unaonekana wa kubuni mno, chungulia jumbe za zamani kwenye simu yako. "2ko pamoja." "Wa2 wamefika." "Ki2 gani hicho?" Tarakimu 2 pale haihesabu chochote, imeazimwa kwa sauti yake ya Kiingereza, tu. Na angalia kilichotangulia: wa- inakudokeza kwamba tunazungumzia binadamu, ki- inakudokeza kwamba ni jambo lingine. Ngeli inatoa familia, 2 inatoa sauti. Asiyejua siri hiyo ataamini kwamba kwa Waswahili watu lazima wawe wawili, na atatunga nadharia nzuri kuhusu ndoa.

Turudi kwenye zizi. Ukimwekea 马 mdomo, unapata 吗, ma, kineno kinachokaa mwishoni mwa sentensi kuigeuza swali, kazi ambayo "je" yetu huifanya mwanzoni. Midomo miwili juu ya farasi, 骂, mà, ni kutukana. Mdudu na farasi, 蚂, mǎ, ni nusu ya neno la sisimizi. Jiwe na farasi, 码, mǎ, utalikuta kwenye neno la namba, na pia kwenye neno la gati ya kufungia meli. Mama, swali, tusi, sisimizi, namba na gati: maneno sita, herufi tano, na hakuna farasi hata mmoja aliyewahi kula nyasi. Kiimbo kinabadilika, yaani sauti inapanda, inashuka au inapinda, lakini "ma" inabaki "ma".

Hapa inabidi nipunguze makeke, maana mtambo huu haufanyi kazi kwa usafi ninaoueleza. Sauti huhama, maandishi hubaki kwenye nyumba ya zamani. Chukua 江, mto mkubwa: kushoto matone ya maji, kulia 工, "kazi". Beijing mto huo unasomwa jiāng na kazi inasomwa gōng, na mwanafunzi ana haki ya kulalamika kwamba havifanani. Lakini kwa Kikantoni, lugha ya Hong Kong na Guangzhou, ni gong na gung. Kwa Kijapani, waliochukua herufi hizi pamoja na matamshi ya Kichina cha zama hizo, zote mbili zinasomeka kō. Kwa hiyo herufi ni ushahidi wa matamshi ya zamani, na dokezo lake leo linaweza kuwa sahihi kabisa, la karibu karibu, au la kukupoteza njia. Mchina anayesoma gazeti hachambui nusu mbili kila mara. Amezikariri herufi zake. Orodha ya serikali ya mwaka 1988 ya herufi za kawaida ina 3,500.

Wala si kila herufi yenye pande mbili ina upande wa sauti. 好, mwanamke na mtoto, ni "nzuri", na wengi wanaikubali kama muungano wa maana, ingawa wabishi wapo. 明, jua na mwezi, ni "angavu", na inapendeza, mpaka uambiwe kwamba kwenye maumbo yake ya kale mara nyingine alama ya kushoto si jua bali dirisha: mwanga wa mwezi unaoingia ndani. Mimi nalipenda dirisha zaidi. Ila nimeshajifunza kuyaogopa maelezo ninayoyapenda.

Nimeiweka mwisho herufi iliyonifanya nikubali kushindwa, na inapita kwetu.

Mwaka 1414 mfalme Yongle wa China alipokea twiga kutoka kwa mtawala wa Bengal. Mwaka uliofuata ukaja mwingine, huyu akiwa zawadi ya Malindi. Kwenye ikulu walimwita qílín, mnyama wa hadithi ambaye inasemekana huonekana dunia inapopata mtawala mwema, jambo ambalo bila shaka halikumuudhi mtawala. Wapo wanaodhani jina hilo lilichochewa pia na neno la Kisomali la twiga, geri, lililosikika karibu na qílín. Inawezekana, ushahidi ni mwembamba kuliko shingo ya mnyama mwenyewe.

Qílín huandikwa 麒麟. Katika kila herufi kuna 鹿 upande wa kushoto, mnyama wa mapembe ambaye kwa Kiswahili tunamkadiria kwa kulungu. Hiyo ndiyo familia. Kulia mwa herufi ya pili kuna 粦, lín. Na kulia mwa ile ya kwanza kuna 其, qí.

其 ni nini? Ni picha ya ungo. Chombo cha kupepetea nafaka, wazi kabisa kwenye ile mifupa ya Anyang. Ila zamani hizo kulikuwa na vineno vidogo vya sarufi, mfano wa "yake" na "hiyo", ambavyo havichoreki, na sauti yao ilikuwa karibu na ya ungo. Wakauazima ungo. Vineno hivyo vikatumika kila siku, ungo ukasahaulika, na ilipofika zamu ya kuandika ungo wenyewe ikabidi waongeze mwanzi juu yake: 箕. Ni kama kaa wa Lamu alazimike kuwekewa mawimbi ubavuni ili arudishiwe jina lake baada ya "keti" kumnyang'anya.

Ungo huo ulioazimwa ukaazimwa tena na tena. Uko kwenye bendera, 旗, qí. Uko kwenye mchezo wa kete, 棋, qí. Uko kwenye udanganyifu, 欺, qī. Uko kwenye msingi wa nyumba, 基, jī, pamoja na udongo. Na uko kwenye jina alilopewa twiga wa Malindi.

Wachina wa leo wameachana na jina hilo kwa twiga. Humwita 长颈鹿, kulungu shingo ndefu, herufi tatu zisizo na mzaha wowote. Lakini Wajapani bado humwita kirin, na Wakorea girin, yaani qílín yule yule kwa matamshi yao. Wajapani kwa kawaida huliandika kwa herufi zao za sauti, na Wakorea kwa Hangul, alfabeti iliyotangazwa na mfalme Sejong mwaka 1446. Ukitaka kuuona ungo, inabidi uwaombe wakuandikie kwa herufi za zamani.