Je, wajua kwa nini mwendesha pikipiki husimama anapofika kwenye njia mbovu?

Anayetembea katika vijia vya milima ya Usambara baada ya mvua anaweza kukutana na afisa ugani aliyepanda Yamaha DT, begi mgongoni, akiteremka njia ya mawe na mizizi katikati ya mashamba ya maharage, na asiwe amekaa. Amesimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa kidogo, viwiko vimetanuka, macho yanatazama mbali. Pikipiki inarukaruka chini yake kama mbuzi anayekataa kamba, lakini kichwa chake kinateremka kwa utulivu, bila kupanda na kushuka pamoja nayo. Mpita njia asiyejua mambo haya hudhani kwamba bwana shamba anajionyesha. Kumbe kwa njia ya namna ile kusimama ndiko kunakompa usalama zaidi, na inafaa kueleza vizuri kwa nini, kwa sababu maelezo yanayotolewa mara nyingi si sahihi.

Maelezo hayo, ambayo hata waendeshaji hodari huyarudia, husema kwamba mtu akisimama uzito wake wote hushuka hadi kwenye vikanyagio, kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote huwa kama umekusanyika, kikawa chini, na pikipiki ikatulia. Nusu ya kwanza ni kweli, nusu ya pili si kweli. Aliyesimama ameinua nyonga, kifua na kichwa, kwa hiyo kitovu cha uzito wa mwili wake kimepanda, na hata kile cha mwili na pikipiki kwa pamoja kimepanda. Kinachobadilika ni jambo jingine, lenye faida kubwa kuliko hilo: mtu na chombo huacha kuwa mzigo mmoja ulioshikamana.

Tuchukue mfano wa pikipiki ya motokrosi, yaani mbio za kwenye viwanja vya udongo vyenye vilima, ambayo ikiwa na mafuta huwa na uzito wa kilo 110 hivi, na dereva wa kilo 70. Katika jumla ya kilo 180, karibu asilimia 40 ni mwili wa mtu. Akiwa amekaa, kila mara gurudumu la nyuma linapogonga jiwe, pikipiki inalazimika kuunyanyua na mwili huo pia. Sasa tuseme wanakwenda kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11 hivi kwa sekunde, na mbele yao kuna mwamba uliolala, wenye urefu wa nusu mita na kimo cha sentimita 10. Kutoka ukingo wa mwamba hadi kileleni ni sentimita 25, na gurudumu huzimaliza katika sekunde 0.02 tu, muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Katika muda huo hakuna mwili wa kilo 70 utakaoinuka kwa upole. Kama shokapu haziwezi kumeza mwendo wote huo, kinachobaki huenda moja kwa moja kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti hadi kwenye uti wa mgongo.

Shokapu za pikipiki ya motokrosi huweza kubonyea kwa sentimita 30 hivi, ilhali za pikipiki nyingi za bodaboda hazifiki hata nusu ya hapo. Miguu ya mtu aliyesimama huongeza juu ya hizo shokapu nyingine ndefu, za kifundo, goti na nyonga, tena zenye sifa ambayo springi ya chuma haina: zinaona. Dereva huliona jiwe kabla hajalifikia, akalegeza magoti mapema, akaiacha pikipiki ipande kuelekea kwenye mwili wake na kisha ishuke, huku kiwiliwili kikibaki karibu palepale kilipokuwa. Springi husubiri kugongwa ndipo ijibu.

Kuna sababu ya pili ambayo hutajwa mara chache, nayo hutokana na mahali vikanyagio vilipofungwa. Gurudumu la mbele linapopanda jiwe, pua ya pikipiki huinuka, na mara gurudumu la nyuma linapolifikia jiwe lilelile, mkia huinuka na pua hushuka. Mwendo huu ni kama wa bembea ya ubao ambayo watoto wawili hukalia ncha zake, mmoja akipanda mwingine anashuka. Katika bembea hiyo mahali patulivu ni katikati, na vikanyagio viko karibu na katikati ya magurudumu mawili. Aliyekaa yuko nyuma zaidi, karibu na gurudumu la nyuma, na ndiyo sababu yeye hupigwa teke na kiti na kutupwa juu ya usukani. Aliyesimama amekanyaga sehemu ambayo hucheza kidogo kuliko nyingine zote.

Wanaopanda farasi waliligundua jambo hili kabla ya pikipiki kuenea. Mwishoni mwa karne ya 19 wapanda farasi wa mashindano walikuwa wakikaa juu ya tandiko miguu ikining'inia. Mwaka 1897 Mmarekani aliyeitwa Tod Sloan alikwenda Uingereza na mtindo wa kufupisha vikuku, yaani pete za tandiko anazokanyaga mpandaji, kuinua makalio na kuinama juu ya shingo ya farasi, na ingawa alichekwa mwanzoni, baada ya miaka michache wenzake walimfuata. Mwaka 2009 watafiti wa chuo cha Royal Veterinary College cha London walichapisha utafiti wao katika jarida la Science, wakaonyesha kwamba muda wa mbio za farasi uliboreka kwa asilimia 5 hadi 7 katika kipindi kile ambacho mtindo huo ulienea. Farasi bado alibeba uzito wote wa mpandaji, lakini hakulazimika tena kuurusha juu na chini kwa kila hatua, kwa sababu miguu ya mpandaji ilimeza mwendo huo. Mimi sijapata mfano unaofafanua jambo hili vizuri kuliko huo, na kila anayeanza kujifunza angefaa kuanza na farasi huyu kichwani.

Kwa upande wa kulia na kushoto kanuni ni ileile. Gurudumu likiteleza kwenye tope au changarawe, pikipiki inahitaji kuyumba kidogo ili ijirudishe, na dereva aliyesimama huiacha iyumbe katikati ya magoti yake bila kumburuta. Akitaka kuilaza upande, hukanyaga zaidi kikanyagio cha upande huo, nacho kwa kuwa kimejitokeza mbali na mstari wa katikati, huinamisha chombo kwa urahisi huku mwili ukibaki wima. Tena macho yake yamepanda juu, hivyo nyasi na vilele vya miinuko midogo haviyazibi kama zamani, akaweza kuliona korongo mapema.

Ugumu wa kujifunza hauko kwenye miguu. Uko kwenye mikono. Anayesimama kwa mara ya kwanza hunyoosha magoti kama mlingoti, akaegemea nyuma, na kwa kuogopa kuanguka akaning'inia kwenye usukani. Hapo ndipo hatari kubwa kuliko zote inapozaliwa. Mkono wa kulia ndio unaovuta mafuta. Pikipiki ikiruka mbele kidogo, mwili ulioegemea nyuma unabaki, mikono inavutwa, kifundo cha mkono kinazunguka, mafuta yanaongezeka, na pikipiki inaruka mbele zaidi na kuuacha mwili nyuma zaidi. Dereva anaendelea kuongeza kasi bila kukusudia, na kadiri anavyong'ang'ania ndivyo kasi inavyozidi, mpaka akutane na mti au chombo kimponyoke. Aliyewahi kuona jambo hili hulikumbuka kwa sauti ya injini, ambayo hupanda ghafla wakati kila mtu anatarajia ishuke.

Dawa yake ni kutafuta mahali pa mwili ambapo mikono haihitajiki, na kipimo ni rahisi. Pikipiki ikiwa imesimama na mtu ameshika gurudumu la mbele kwa nguvu, mwanafunzi hupanda juu ya vikanyagio, akakunja kiuno kama anayetaka kuokota kitu huku mgongo ukiwa umenyooka, nyonga zikiwa juu ya vikanyagio na kichwa karibu na usukani. Kisha huachia mikono yote miwili. Akiangukia mbele au nyuma, hajapata mahali pake, na arekebishe nyonga, asirekebishe mikono. Akiweza kubaki pale, amepata. Kuanzia hapo kazi ya kuushikilia mwili ni ya miguu, inayobana tangi kwa magoti, na vidole kimoja au viwili tu hukaa juu ya klachi na breki.

Baada ya hapo huhamia uwanjani, kwenye ardhi bapa, gia ya pili, mwendo wa kutembea haraka, akizunguka na kunyooka hadi asimwazie tena mtu aliyeshika gurudumu. Ndipo hujifunza kuusogeza mwili: akivuta mafuta au kupanda mlima, kifua huenda mbele, akikamata breki au kuteremka, nyonga hurudi nyuma na magoti hubana zaidi. Kwenye mchanga mzito uzito hurudi nyuma kidogo na mafuta hayaachiwi, kwa kuwa gurudumu la mbele lililolemewa huzama na kugeuka lenyewe. Haya yote huchukua siku nyingi za kurudiarudia, na ni kosa kumpeleka mtu kwenye kijia cha mawe siku ya kwanza.

Chombo chenyewe nacho kina neno lake. Pikipiki nyingi za bodaboda zimeundwa kwa ajili ya mtu aliyekaa: usukani uko chini, kwa hiyo anayesimama hulazimika kuinama sana, na pedeli ya gia imepangwa kwa pembe ya mguu wa aliyekaa. Fundi anaweza kuuzungusha usukani mbele kidogo na kurekebisha pedeli hiyo, na tofauti huhisiwa mara moja. Viatu ni sharti, kwani kandambili huteleza kwenye chuma chenye tope. Na abiria akiwa nyuma, habari ya kusimama imekwisha. Kilichobaki ni kupunguza mwendo.

Wapo wasiokaa kabisa. Katika mashindano ya trayo, yaani ya kupita juu ya vikwazo vigumu bila kukanyaga chini, ambayo bingwa wake Toni Bou wa Hispania amekusanya zaidi ya mataji 30 ya dunia, pikipiki hazina hata kiti cha kukaliwa, kwa kuwa miamba inayopandwa haimpi mtu nafasi ya kukaa. Waendeshaji wa motokrosi, kinyume chake, hukaa kwenye kona kali, wakasogea mbele hadi kwenye tangi na kunyoosha mguu wa ndani ili gurudumu la mbele lishike ardhi. Katika mbio ndefu za jangwani za Dakar, ambako siku moja inaweza kuwa na mamia ya kilomita, maelekezo ya njia huwekwa juu mbele ya macho ili yasomwe na aliyesimama, lakini hata wale hukaa sehemu zilizo nyoofu, maana mapaja huchoka. Mwanafunzi naye afanye hivyo: akae njia inapokuwa laini, na ainuke mita kadhaa kabla ya mawe, si baada ya jiwe la kwanza kumgonga.