Utangazaji wa redio: maana yake na ulivyoanza

Utangazaji wa redio ni kurusha sauti hewani kutoka kituo kimoja ili yeyote mwenye chombo cha kupokelea aisikie, awe nani, awe wapi. Hilo neno "yeyote" ndilo lenye uzito, na redio haikuanza nalo.

Guglielmo Marconi, mvumbuzi wa Italia, alipoanza kazi yake miaka ya 1890, alichokuwa nacho ni simu ya upepo: meli na pwani zikipashana habari kwa milio ya Morse, yaani mifupi na mirefu inayosimama badala ya herufi, mmoja kwa mmoja. Mwingine mwenye mtambo aliweza kudukiza, na hiyo ikahesabiwa kasoro. Utangazaji ulizaliwa pale kasoro hiyo ilipogeuzwa kuwa ndiyo kazi.

Tarehe 2 Novemba 1920, kituo cha KDKA cha Pittsburgh, Marekani, kilisoma matokeo ya uchaguzi wa rais kati ya Harding na Cox. Mtangazaji aliwaomba wanaomsikia wakijulishe kituo kwamba wamemsikia. Alikuwa akisema na giza. Hakujua kama kuna mtu.

Waliokuwepo wengi walitumia redio ya kioo. Haikuwa na betri. Ilikuwa na kipande cha madini ya galena, na msikilizaji alikidonoa kwa ncha ya waya mwembamba, huku na huku, mpaka apate mahali panaposhika. Sauti ilitoka hafifu kwenye hedifoni, basi aliyezivaa alisikia na wengine wakamtazama usoni. Baadhi walizitumbukiza hedifoni kwenye bakuli ili sauti ivume kidogo na jamaa wote waambulie. Spika zilipoenea, redio ikawa ya sebule nzima.

Gharama zilizua njia mbili. Marekani wakauza muda kwa wafanyabiashara kuanzia 1922. Uingereza, BBC ilipoanzishwa mwaka huohuo, wasikilizaji wakalipia leseni. (Kiswahili chetu huita vyote "matangazo", kipindi na biashara, na sidhani kimekosea sana.)

Kwangu, badiliko kubwa zaidi halikuwa muziki wala habari, bali ni watu wasiojuana kusikia jambo moja kwa sekunde ileile. Kuanzia Februari 1924 BBC ilirusha milio sita ya saa ya Greenwich, na saa za ukutani zikarekebishwa kwa pamoja. Tarehe 12 Machi 1933, benki za Marekani zikiwa zimefungwa, Rais Roosevelt aliingia hewani na kueleza kwa maneno mepesi benki hufanya nini na fedha ya mteja. Zilipoanza kufunguliwa kesho yake, wengi walipanga foleni kurudisha akiba zao. Mwaka huo pia serikali ya Nazi, Ujerumani, ilitoa redio ya bei nafuu, Volksempfänger, kwa kuwa nayo ilijua sauti inayoingia sebuleni haikatizwi na mtu.

Msikilizaji wa Roosevelt aliyetaka kujibu alichukua kalamu. Barua zilimiminika Ikulu hadi ikabidi watafutwe watu zaidi wa kuzifungua.