Kwadi ya mtoto inapogoma kuwaka: dhana potofu na ukweli wake

Pikipiki ndogo ya magurudumu manne ya mtoto, kwa mkato kwadi, ikigoma, ushauri huja haraka kuliko spana. Mwingi wake husababisha vipuri vizima vitupwe na vibovu vibaki mahali pake.

Kwanza jua una injini gani. Zile ndogo kabisa, za cc 49 na za kuvuta kamba, kwa kawaida ni za mipigo miwili: oili huchanganywa na petroli tangini, na injini haina kijiti cha kupimia oili. Zile za cc 50 hadi 125 zenye stata, nyingi ni za mipigo minne, oili yake hukaa chini ya injini. Ushauri unaofaa moja unaweza kuiua nyingine.

Kabla ya kupima chochote, nyanyua magurudumu ya nyuma yaache ardhi na uweke stendi au gogo imara chini ya fremu. Klachi ya mashine hizi hujikamata yenyewe injini ikizunguka kasi, kwa hiyo kwadi inayowaka ghafla inaweza kuondoka peke yake. Mtoto akae mbali. Kazi yote ifanyike nje, kwa sababu moshi wa ekzosi unaua ndani ya chumba.

Dhana: "Hakuna moto kwenye plagi, basi CDI imeungua."

CDI, kifaa cha umeme kinachorusha cheche ya plagi kwa wakati wake, hulaumiwa kuliko kifaa kingine chochote kwa sababu ni kisanduku kilichozibwa, hakuna anayeona ndani. Ukweli ni kwamba kwadi ya mtoto ina njia nyingi za kuzimwa: swichi kwenye usukani, kamba ya usalama inayofungwa kwa mtoto, funguo, na nyingine zina rimoti ya mzazi. Zenye stata huongeza masharti yao, kwa mfano lazima ubane breki au gia iwe nyutro, la sivyo stata haizunguki kabisa. Anza hapo. Kamba ya usalama iliyochomoka nusu tu inatosha kukupotezea siku nzima.

Kisha pima moto wenyewe. Fungua plagi, irudishe kwenye kofia yake, kisha gusisha chuma chake kwenye injini, mbali na tundu ilipotoka, maana mvuke wa petroli hutokea hapo. Ishike kwa koleo yenye mpini wa mpira. Zungusha injini. Cheche ya buluu inayoruka kwa mlio ni nzuri. Ya njano na nyembamba ni dhaifu. Usizungushe injini plagi ikiwa inaning'inia bila kugusa chuma: umeme uliokosa pa kwenda unaweza kuunguza koili au CDI yenyewe.

Ikiwa hakuna cheche, jaribu plagi mpya yenye mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7. Bado hakuna? Katika injini nyingi za aina hii swichi ya kuzima haikati umeme. Inafanya kinyume: inaugusisha waya mmoja wa CDI kwenye fremu, na moto unapotea. Waya uliochubuka chini ya tangi ukagusa chuma utafanya vivyo hivyo. Basi, plagi ikiwa bado nje, chomoa waya wa kuzima (mara nyingi ni mweusi wenye mstari mweupe, lakini hakikisha kwa mchoro wa mashine yako), kisha zungusha tena. Cheche ikirudi, CDI ni nzima. Tafuta kosa kwenye swichi au kwenye waya. Rudisha waya huo kabla ya kufunga plagi, kwa kuwa bila huo injini ikiwaka huna swichi ya kuizima.

Dhana: "Inawaka kwa choki tu kwa sababu injini ni ya baridi."

Dakika mbili za mwanzo, ndiyo. Ikiwa baada ya kupata joto bado inakufa ukiondoa choki, injini inakosa petroli au inanyonya hewa isiyostahili. Choki hupunguza hewa, kwa hiyo inaficha upungufu huo.

Chanzo cha kawaida ni jeti ndogo (kipande chenye tundu la kupitisha petroli) ndani ya kabureta, ile inayolisha injini ikiwa imetulia. Petroli iliyokaa mwezi mmoja au zaidi hupoteza sehemu yake nyepesi, na kinachobaki huganda kama gundi ya rangi ya chai. Jeti ndogo huziba kwanza kwa sababu tundu lake halifiki nusu milimita.

Funga koki ya mafuta, toa mafuta yaliyobaki kwenye bakuli la kabureta kwa skrubu ya chini, kisha fungua bakuli. Ukiona unga mweupe au wa kijani, maji yameingia humo. Katikati utaona jeti kubwa, na pembeni yake jeti ndogo, ambayo mara nyingi imezama kwenye kishimo. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereji wa kichwa chake, maana shaba njano ya jeti ni laini na kichwa chake huchanika upesi. Inyanyue uiangalie kuelekea kwenye mwanga. Jeti safi huonyesha nukta ya mwanga yenye duara kamili. Ukiona nusu duara, au mwezi mwembamba, au giza, umepata ugonjwa.

Iloweshe kwa dawa ya kusafishia kabureta, pitisha uzi mmoja laini wa waya wa shaba, kisha pulizia hewa ya kompresa huku umevaa miwani. Usitumie sindano wala waya wa chuma: ukiupanua mwanya hata kidogo, kabureta itamwaga petroli kupita kiasi na hutajua kwa nini. Pulizia pia njia ndogo zilizo kwenye mwili wa kabureta. Watu wengi husafisha jeti na kuziacha njia hizo, kisha husema kabureta imekufa.

Kama kabureta ina skrubu ya kurekebisha mchanganyiko, pima ilipo kabla ya kuitoa: ikaze taratibu hadi iguse, ukihesabu mizunguko, na uandike. Mahali pazuri pa kuanzia ni mzunguko mmoja na nusu kutoka hapo ilipogusa. Skrubu iliyo upande wa injini hupitisha petroli, kuifungua ni kuongeza mafuta. Iliyo upande wa chujio cha hewa hupitisha hewa, kuifungua ni kuyapunguza. Anayekuambia "fungua kidogo" bila kuuliza iko upande gani anabahatisha.

Kama jeti ni safi na tatizo limebaki, nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio ya kabureta na injini, injini ikiwa inaunguruma. Mlio ukibadilika, hewa inapenya hapo: gasketi imepasuka au mpira umekauka ukatoka nyufa.

Dhana: "Ukizidisha oili kwenye petroli, injini ya mipigo miwili inalindwa zaidi."

Hii inaonekana ya busara, ndiyo maana imeenea. Lakini oili ikizidi, plagi hulowa na kuwa nyeusi, masizi hujaa ekzosi mpaka injini inakosa pumzi. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: jeti hupitisha kiasi kile kile cha majimaji, kwa hiyo oili iliyoongezeka imechukua nafasi ya petroli, na injini inapata chakula pungufu.

Kipimo ni cha mtengenezaji. Kitabu kikisema 25 kwa 1, weka mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 200 kwa lita 5. Kikisema 50 kwa 1, ni mililita 20 kwa lita. Tumia chupa yenye alama za vipimo au bomba la sindano kubwa, si kizibo. Changanya kwenye galoni: nusu ya petroli, oili yote, petroli iliyobaki, tikisa. Ukimimina oili moja kwa moja tangini itatangulia kwenda kwenye kabureta peke yake.

Petroli tupu ndiyo hatari kubwa zaidi. Katika injini hii mchanganyiko ndio unaolainisha pistoni na beringi za kranki, hakuna oili nyingine. Pistoni hukwaruza silinda, na dakika chache zinatosha. Ukihofia limetokea, fungua ekzosi uchungulie kwenye tundu lake huku ukivuta kamba polepole: pistoni nzima ina uso wa kung'aa sawasawa, iliyoumia ina mikwaruzo ya wima. Dawa ya kunyunyiza ya kuwashia injini nayo inaosha utando wa oili kwenye silinda. Si ya injini hizi.

Kwa mipigo minne, usichanganye kabisa.

Dhana: "Haina nguvu, injini imechoka."

Kabla ya kuhukumu injini, zungusha magurudumu ya nyuma kwa mkono yakiwa hewani. Breki inayobana au mnyororo uliokazwa mno hula nguvu yote ya injini ndogo kama hii. Kisha tazama skrubu kwenye kishikio cha akselireta: imewekwa makusudi ili kidole gumba cha mtoto kisifike mwisho. Baadhi pia zina kizuizi ndani ya ekzosi. Kwadi mpya inayoenda polepole mara nyingi ni nzima kabisa, na kwa mtoto anayejifunza kugeuka na kusimama, skrubu hiyo ibaki ilipo.

Dhana: "Inazima baada ya dakika kumi, ina joto kupita kiasi."

Ikizima, fungua kifuniko cha tangi papo hapo. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na injini ikakubali kuwaka, kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba. Kisafishe.

Dhana: "Valvu ni mambo ya magari."

Kwa injini ya mipigo minne ya cc 110, mwanya wa valvu uliozoeleka ni milimita 0.05 kwa zote mbili, injini ikiwa baridi. Kadiri valvu inavyochakaa ndani ya kiti chake, mwanya hupungua mpaka valvu haifungi tena, mgandamizo unavuja, na mashine inakuwa ngumu kuwaka. Weka pistoni juu kabisa kwenye mgandamizo, alama ya T ya gurudumu la sumaku ikilingana na alama ya injini, na mikono ya valvu ikitikisika kidogo. Pitisha filageji (kibati chembamba cha kupimia mwanya): ipite kwa kukwaruza kidogo. Ukimaliza, pima mgandamizo ukiwa umefungua akselireta yote. Mgandamizo ukiwa chini, tia kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi upime tena: ukipanda, ringi zimekwisha; usipopanda, ni valvu au gasketi ya kichwa.

Ukiwa hapo, vuta kijiti cha oili ukinuse. Oili iliyopanda juu ya alama na kunuka petroli ina maana sindano ya boya la kabureta haifungi, na petroli imeshuka usiku kucha hadi chini. Usiiwashe. Tengeneza boya, mwaga oili, weka mpya.

Dhana: "Betri inawasha taa, kwa hiyo ni nzima."

Taa hula umeme kidogo sana kuliko stata. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 au zaidi. Pima tena wakati wa kupiga stata, na ikiporomoka chini ya 9.6, ichaji kwanza. Mlio wa "tik, tik" bila mzunguko mara nyingi ni betri au vituo vyenye kutu.

Dhana: "Kuunguruma kwa kasi kunasaidia isizime mtoto akiipanda."

Kuongeza mzunguko wa kutulia hufanya klachi ijikamate, na kwadi husogea hata mtoto hajabonyeza akselireta. Shusha skrubu ya mzunguko mpaka magurudumu yaliyo hewani yasimame injini ikiwa inaunguruma. Yasiposimama hata mzunguko ukiwa chini, huenda springi ya klachi imekatika, na mtoto asipande mpaka itengenezwe.