9 Desemba: ipi ilipangwa, ipi imejitokea tu

Kila ikikaribia 9 Desemba sisi wa makumbusho hapa Arusha tunaulizwa, mbona mambo mengi yameangukia siku hii moja, kuna siri gani? Hamna siri jamani, tenganisha tu tarehe iliyochaguliwa na iliyojitokea.

Uhuru wa Tanganyika, 1961, hiyo kila mtu anaijua, na usiku ule Luteni Alexander Nyirenda alikuwa juu Kibo, Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, akasimika bendera na mwenge, ndo maana kilele kinaitwa Uhuru (watu wa Moshi wanakiona mawingu yakikubali). Sasa Jamhuri nayo ni 9 Desemba, 1962, na hapo msitafute muujiza, serikali yenyewe ilipanga iwe tarehe ileile, Kenya nao wakafanya hivyohivyo 12 Desemba 1963 na 1964.

Halafu kuna ya Paris. 9 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari, wala hakuna aliyekuwa anaiwaza Arusha. Lakini ikapita karibu miaka 50 bila mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo, mpaka 2 Septemba 1998, hapahapa mjini, mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya Rwanda ilipomtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Mimi nikiambiwa nichague moja ya kumfundisha mtoto wa Arusha nachagua hii, maana wengi wanapita AICC, jengo la mikutano ilipokuwa mahakama hiyo, kila siku na hawajui.

Ndui ina tarehe mbili: wataalamu walisaini 9 Desemba 1979 kwamba imeisha duniani, mkutano mkuu wa WHO ukatangaza 8 Mei 1980. Msigombane, zote sahihi.

Besdei sasa. Grace Hopper, mmoja wa waasisi wa programu za kompyuta, alizaliwa New York 9 Desemba 1906, na hapo ndo hakuna aliyepanga kitu. Watu wanashangaa sana kukutana na wa tarehe yao, ila chukua Coaster ya Arusha–Moshi yenye watu 30, humo kuna jozi 435 za watu, kwa hiyo uwezekano wa wawili wowote kuchangia tarehe ni kama asilimia 70, hata wakiwa 23 tu tayari umeshavuka nusu. Wanafunzi wakija huwa wanabisha kweli mpaka waanze kutajana tarehe. Ila ukijaribu na wazee hesabu inaharibika, maana wengi hawakuandikwa walipozaliwa, siku ya kujaza fomu wakawekewa 1 Januari.